Uzito wa Mkoba wa Dharura

Nchi yetu ni salama. Naanza hivyo kwa sababu sheria inataka kila maandishi yaanze hivyo, iwe barua ya mapenzi, maelezo ya dawa ya minyoo, au orodha ya vitu vya kununua sokoni, enzi zile sokoni kulikuwa na vitu. Sheria inataka pia kila maandishi yafungwe kwa maneno mengine mawili. Hayo nitayaweka nikifika mwisho, kama gari lililosimama nje litakuwa na subira.

Naitwa Kibwana Tenge. Nimekuwa karani wa mizani katika ghala la serikali kwa miaka thelathini na mmoja, na katika miaka yote hiyo sijakosea hata gramu moja. Silisemi hilo kwa majivuno. Nalisema kwa sababu huko kutokukosea ndiko kulikonifikisha hapa nilipo, nikiandika harakaharaka huku mke wangu Mwatumu akinishikia karatasi.

Mambo yalianza siku Mlezi Mkuu wa Taifa alipokatiza matangazo ya mpira redioni. Alisema, "Wananchi wangu, Dharura inakuja." Kisha mpira ukaendelea. Hakusema ni dharura gani, kama ni vita, mafuriko, nzige au tetemeko. Kesho yake waziri mmoja mwenye elimu nyingi alinyanyua mkono barazani akauliza, "Mtukufu, dharura ipi?" Alipongezwa kwa udadisi wake, akapigiwa makofi ya dakika tatu, akapelekwa Mapumzikoni.

Mapumzikoni ni mahali pazuri sana. Hatujui ni wapi, ila tunajua ni pazuri kwa sababu hakuna aliyewahi kurudi akalalamika. Mtu akipelekwa huko, familia yake huletewa viatu vyake, maana tumeambiwa kuwa sakafu za huko zina zulia kila mahali na viatu havihitajiki. Tangu siku ile hakuna aliyeuliza tena ni dharura ipi. Sote tulielewa kuwa ni ile ile.

Ikaundwa Kamati ya Taifa ya Uteuzi wa Chakula Kidogo Kisichoharibika. Ilikuwa na wajumbe sitini na wanne, na mwenyekiti wake alikuwa Mheshimiwa Daktari Mhandisi Kilumanga, ambaye ni daktari wa mambo kadhaa na mhandisi wa yaliyobaki. Mimi niliitwa na mizani yangu, niwe napima. Kazi ya kamati ilikuwa kuchagua chakula cha kuwekwa kwenye mkoba wa kila nyumba, tayari kwa Dharura. Kilitakiwa kiwe kidogo, kiwe chepesi kubeba, kimtie mtu nguvu, na kikae miaka bila kuoza.

"Ndugu wajumbe," Mheshimiwa Kilumanga alifungua kikao cha kwanza, "chakula cha dharura si chakula. Chakula cha dharura ni msimamo. Ni tamko. Mwananchi anapokiangalia chakula hiki, asione chakula. Aone serikali yake."

Makofi yalipigwa, kisha zikaletwa tende za majaribio, kilo nne. Nilizipima mwenyewe. Kikao kilipoisha nilipima tena, nikapata kokwa. Kamati iliandika kwenye taarifa yake kuwa tende hazidumu. Wiki iliyofuata zililetwa korosho, zikadumu dakika nne. Karanga za kukaanga zilidumu kidogo zaidi kwa sababu ya maganda. Dagaa wakavu walidumu kweli, lakini walikataliwa kwa hoja ya usalama, kwamba harufu yao ingeweza kuionyesha Dharura mahali tulipojificha. Biskuti ilikatika mikononi mwa mwenyekiti, na ikaamuliwa kuwa chakula kinachovunjika mbele ya viongozi hakifai kuaminiwa na Taifa.

Miezi saba ikapita hivyo. Wajumbe walinenepa, na ripoti nazo zikanenepa. Mlezi Mkuu akaanza kuuliza kulikoni. Kilumanga akaanza kuota viatu vyake vikirudishwa kwa mkewe, aliniambia mwenyewe, huku akiviangalia mguuni. Siku ile niliona mtu mkubwa akitoka jasho kwenye chumba chenye feni nne, nikamwonea huruma. Huruma hiyo ndiyo iliyonifungua mdomo.

"Mheshimiwa," nilisema, "marehemu mama yangu alikuwa na chakula alichowafungia watu wa safari ndefu."

Mama alikuwa akikaanga karanga na unga wa mahindi, akavitwanga pamoja, akavikoroga na sukari guru iliyoyeyushwa na chumvi kidogo, kisha akavikandamiza kwenye kibao mpaka vikawa vigumu kama mche wa sabuni. Kipande cha ukubwa wa kidole kilimtosha mtu kutwa nzima. Mwatumu na mimi tulitengeneza mche mmoja nyumbani, wa gramu mia mbili na hamsini kamili, nikaupeleka kikaoni. Wajumbe waliung'ata mmoja baada ya mwingine. Mmoja alitoa machozi. Sikuwaambia kuwa huwa unakwanguliwa kwanza ndipo uliwe, maana hakuna aliyeniuliza. Kikao kilipoisha niliupima ule mche, ukawa na gramu mia mbili na hamsini.

Kilikuwa chakula cha kwanza kutoka kwenye kamati ile kikiwa kizima. Kilipitishwa papo hapo kwa kauli moja na kupewa jina la Mche wa Uhai.

Kila nyumba ililetewa mkoba wa turubai wenye miche kumi na miwili, umefungwa mdomo kwa kamba na kupigwa lakiri nyekundu yenye muhuri wa Taifa. Uzito wake wote, pamoja na turubai na kamba, ni gramu elfu tatu na mia nne. Wetu ulikuja mwezi wa Machi, tukauweka juu ya kabati, tukaupigia saluti kama maelekezo yalivyotaka.

Pamoja na mkoba ilikuja sheria. Mkoba ufunguliwe tu siku king'ora cha Dharura kitakapolia. Anayeufungua kabla ya hapo anakuwa ametangaza kuwa Dharura imefika, na anayetangaza Dharura ni Mlezi Mkuu peke yake, kwa hiyo mtu huyo atakuwa amejifanya Mlezi Mkuu, na hayo ni mapinduzi. Niliisoma mara tatu nikitafuta mahali pa kupumulia. Sikupaona. Katika nchi yetu mtu anaweza kuipindua serikali kwa kutafuna.

Sasa, kutengeneza miche ya nyumba laki sita kunahitaji karanga, mahindi na sukari guru. Serikali ilivichukua vyote. Ilisomba ghala letu tukabaki mimi na mizani. Ilisomba masoko, maduka, mbegu za wakulima na vyungu vya wauza uji. Hata mwezi wa Mei haujaisha, nchi ilikuwa na akiba kubwa ya chakula kuliko wakati wowote katika historia yake, na hakukuwa na chakula.

Hali hiyo haikuitwa njaa. Neno njaa lilifutwa kwenye kamusi kwa gundi nyeupe, shule zote, siku moja. Iliitwa Wepesi. Redio ilitupongeza kila asubuhi kwa jinsi tulivyokuwa wepesi. Daktari mmoja alieleza kuwa mwili mwepesi hukimbia vizuri zaidi Dharura inapofika. Nasi tukawa wepesi kweli, hadi siku za upepo watu wakawa wanatembea wamegusa ukuta.

Binti yetu Semeni alikwenda sokoni mwezi wa Juni akauliza sukari imekwenda wapi. Aliuliza kwa upole, muuza soko alituambia, wala hakupaza sauti. Viatu vyake vililetwa Jumanne. Vilikuwa vimepakwa rangi vizuri na kufungwa kwenye karatasi ya zawadi. Mwatumu aliviweka chini ya kitanda chetu na hajavitoa tangu siku ile. Semeni alituachia mtoto wake, Zamda, wa miaka sita.

Zamda alikuwa mtoto wa kusema. Kila baada ya muda alikuwa akija kunivuta shati, "Babu, nina njaa," nasi tunakimbia kufunga dirisha. Tulimfundisha aseme ana wepesi. Akasema, "Babu, nina njaa ya wepesi," tukafunga dirisha tena. Kisha, mwishoni mwa Julai, akaacha kusema. Alilala tu kwenye mkeka, akiangalia juu ya kabati. Ukimwita anakuangalia, halafu anaangalia tena juu ya kabati. Nimeogopa mengi maishani mwangu, nimeogopa wakubwa na nimeogopa wadogo wenye vyeo, lakini sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa ule ukimya wa Zamda.

Siku ya tatu ya ukimya huo Mwatumu alipanda kwenye kiti akaushusha mkoba. Sikumuuliza kitu. Mke wangu ni fundi cherehani, amewashonea nusu ya watu wa mtaa huu nguo za harusi. Hakugusa kamba wala lakiri. Aliupindua mkoba, akafumua mshono wa chini kwa ncha ya wembe, uzi mmoja mmoja, na uzi ule ule akauweka kando ili aje kuushonea. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua linawaka, redio ya jirani inatupongeza. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni nikichungulia njia.

Aliutoa mche mmoja, akaukwangua kwenye mbuzi ya kukunia nazi, akaupika uji. Zamda alikunywa vijiko vitatu, akalala. Jioni akanywa vitano.

Palipotoka mche palitakiwa paingie kitu, maana wakaguzi wa mikoba huja na mizani kila baada ya miezi sita. Hapo ndipo nilipojiona nina kazi duniani. Nilichukua tofali la kuchoma lililodondoka kwenye ukuta wa choo, nikalichonga kwa tupa mpaka likawa na umbo la mche, na nikalipima. Lilizidi gramu sita, nikalisugua. Likabaki na gramu mia mbili na hamsini kamili. Nililifuta vumbi nikalitazama, na nasema kweli, hata Mlezi Mkuu asingeona tofauti bila kung'ata.

Mche mmoja ulitupeleka siku tano, sote watatu. Kila baada ya siku tano Mwatumu alifumua, mimi nikachonga, yeye akashona. Kufikia katikati ya Septemba tulikuwa tumetoa miche yote kumi na miwili. Miwili ya mwisho tuliiweka kwenye droo ya cherehani, chini ya vifungo. Mkoba ulikaa juu ya kabati na lakiri yake nzima, ukiwa na gramu elfu tatu za choo chetu. Zamda alikuwa ameanza kukaa. Alikuwa bado hasemi, ila alikuwa anakaa.

Mkaguzi alikuja siku ya Alhamisi. Alikuwa mwanamke wa makamo aliyejitambulisha kama Bi Stamili, amevaa koti la kazi ambalo lilikuwa la mtu mnene, na huenda mtu huyo alikuwa yeye mwenyewe mwaka uliopita. Alipiga hodi, tukamkaribisha. Sheria inasema mkaguzi ni jicho la Taifa, lakini kwanza ni mgeni, na hakuna nyumba ya mtaa wetu inayomwacha mgeni akae bila kitu mkononi. Mwatumu alimletea maji ya moto katika kikombe chenye kisahani.

"Chai nzuri, dada," alisema Bi Stamili.

"Karibu, mama. Nyongeza ipo."

Sisi sote siku hizi tunakunywa chai hiyo. Wengine huipuliza.

Alimaliza, akafungua daftari, akauangalia mkoba. Aliikagua lakiri kwa kioo cha kukuzia. Aliutikisa karibu na sikio. Kisha akautundika kwenye mizani yake ya ndoano. Mimi nilikuwa najua mshale utasimama wapi. Uliposimama, nilishusha pumzi kidogo tu, ya mtu asiye na jambo.

Bi Stamili hakuandika. Aliendelea kuuangalia mshale.

"Mzee Tenge, wewe si ndiye uliyekuwa wa mizani pale ghalani?"

"Ndiye mimi, mama."

"Miaka mingi?"

"Thelathini na mmoja."

"Basi nieleze," alisema, na sauti yake ilikuwa ya chini. "Chakula hukauka. Karanga zinapoteza maji, sukari inapoteza maji. Mkoba uliofungwa Machi, leo ungekuwa umepungua kama gramu hamsini. Huu haujapungua hata moja."

Kwa miaka thelathini na mmoja nimepokea magunia ya karanga mwezi wa nne nikayatoa mwezi wa tisa, na kila gunia nililiandikia upungufu wa kukauka. Ni jambo ambalo karani wa mizani hulijua kabla ya kujua jina la bosi wake. Nami, kwa woga, nilikuwa nimechonga tofali kwa uzito wa Machi. Mtu mwingine yeyote mtaani angekosea kidogo, na kukosea kwake kungemwokoa. Mimi sikukosea. Mwatumu alisimama mbele ya mkeka aliokaa Zamda, akashika sketi yake kwa mikono miwili kuitanua, utadhani mtoto anaweza kufichwa nyuma ya nguo.

"Nimekagua kata tatu," Bi Stamili aliendelea, bado anaangalia mshale. "Nyumba elfu moja mia mbili na kumi. Kuna mikoba inayozidi, kuna inayopungua kilo nzima, kuna mmoja unalia kama kengele. Mkoba uliopungua sawasawa, wa kukauka, nimeuona mmoja tu. Ulikuwa wa mzee mmoja fundi saa. Lakiri nzima, mshono mzima, chakula chote kimo. Yeye mwenyewe alikuwa kando yake, siku ya nne tangu afe."

"Mungu amrehemu," alisema Mwatumu.

"Amepewa nishani."

Kisha mkaguzi alifanya jambo ambalo sikulitegemea. Aliinama kuelekea kwa Mwatumu, na akauliza kwa sauti ambayo hata redio ya jirani iliifunika.

"Mliulainishaje ule mche?"

Swali lile lilikuwa na milango miwili, na mmoja unakwenda kwenye zulia. Kama ni mtego, kulijibu ni kukiri. Kama si mtego, basi mwanamke huyu alikuwa amejitia mikononi mwetu. Nilimwangalia usoni nikitafuta jibu, nikaona tu mtu aliyechoka.

"Mimi nilichemsha," alisema. "Siku nzima nilichemsha. Hauchemki. Nina mama yangu nyumbani, hana meno."

Mwatumu aliniangalia mara moja, hakungoja nimjibu. Alikwenda jikoni akarudi na mbuzi ya nazi, akaiweka mapajani mwa mgeni.

"Hauchemshwi, mama. Unakwanguliwa kwanza. Ukwangue mkavu, halafu maji ya vuguvugu." Kisha akakichukua kikombe cha Bi Stamili, akakirudisha kikiwa na uji wa Zamda, vijiko viwili. "Kunywa. Mgeni haondoki hivi hivi."

Bi Stamili alikunywa huku amefumba macho. Alipomaliza alifungua daftari akaandika kwenye mstari wetu: gramu elfu tatu, mia tatu na hamsini. Alikuwa ametupunguzia hamsini. Kwa mara ya kwanza maishani nilisimama nikaangalia mtu akiandika uzito wa uongo mbele yangu, nikataka kumbusu mkono. Aliificha mbuzi ndani ya koti lake, na koti lilikuwa na nafasi ya kutosha.

King'ora kililia Jumatano iliyofuata, saa sita mchana.

Tulikuwa tumekingoja kwa muda mrefu kiasi kwamba hakuna aliyekimbia. Watu walitoka wakasimama milangoni, wakaangalia juu kama kuna ndege, wakaangalia chini kama ardhi inapasuka. Hakukuwa na kitu. Redio ikasema kuwa Dharura imefika, na kwamba imefikia Ikulu. Asubuhi ile mpishi mkuu alikuwa amefungua ghala la Ikulu, akakuta kila kitu kilishachukuliwa kutengenezea miche. Mlezi Mkuu alikuwa amekosa kifungua kinywa. Taifa lilikuwa hatarini. Kila nyumba ilitakiwa iulete mkoba wake barabarani, bila kuufungua, upakiwe kwenye malori.

Hapo tukaelewa mikoba ilikuwa ya nani, na hapo hapo tukaelewa kuwa haitupasi kuelewa.

Tuliitoa. Mtaa mzima ulisimama kwenye mistari, kila mtu na mkoba wake wa mawe, na matofali, na mchanga, na kengele. Hakuna aliyelia na hakuna aliyemtazama mwenzake. Nilimwona jirani yangu wa kushoto akiuweka wake ndani ya lori kwa uangalifu mkubwa, kama anamlaza mtoto. Ofisa wa jeshi alitusifu kwa utayari wetu. Alisema hajawahi kuona wananchi waliotoa chakula chao chote bila hata neno moja.

Kesho yake Mlezi Mkuu alikula moja kwa moja redioni, ili kututoa wasiwasi. Kwanza tulisikia lakiri ikivunjwa. Kisha Mheshimiwa Kilumanga akasema maneno marefu juu ya mkate wa umoja. Kisha kukawa kimya, na nchi yote ikaacha kupumua. Tukasikia mlio. Mimi si daktari, mimi ni mtu wa mizani, lakini mlio wa tofali likivunjika naujua, na ule haukuwa wa tofali.

Ilipita dakika moja. Sauti ambayo haikufanana na ya Mlezi Mkuu, ya mtu aliyejaza kitu mdomoni, ikasema, "Tamu." Yakafuata makofi, na baada ya makofi ukapigwa muziki wa bendi siku mbili mfululizo. Katika siku hizo mbili hatukusikia mtoto akicheza nje.

Gari limekuja leo mchana. Aliyeshuka ni Mheshimiwa Kilumanga mwenyewe, shavu moja limevimba, amelishikia leso. Inaonekana Mlezi Mkuu hakutaka kufurahia peke yake. Amepungua sana. Suti imebaki peke yake.

"Mzee Tenge," alisema kupitia leso, "Mtukufu ameipenda miche. Ila anaona ladha yake imebadilika. Imekuwa na uzalendo kuliko ya mwanzo. Ameagiza mikoba yote laki sita ipimwe upya, mmoja mmoja, na kulinganishwa na madaftari ya wakaguzi. Mwenye mkoba usiolingana na daftari atapumzika. Anataka karani asiyekosea. Nimemtajia jina lako."

"Ahsante, Mheshimiwa," nilisema. Ni kitu gani kingine kinachosemwa?

Aliniambia niandike kwanza taarifa fupi ya kukubali, yeye atangoja garini. Taarifa hiyo nimeshamaliza, ina mistari minne, na inaanza na kuisha kama sheria inavyotaka. Haya ninayoandika sasa ni mengine. Mwatumu atayashonea ndani ya godoro.

Najua ni mkoba gani utakaonihukumu. Kwenye daftari la Bi Stamili wangu una gramu elfu tatu, mia tatu na hamsini. Kwenye mizani utakuwa na elfu tatu na mia nne, kwa sababu mimi huwa sikosei. Huruma ya yule mama imeninenepeshea mkoba kwa gramu hamsini, na kunenepa kipindi cha Wepesi kunahitaji maelezo. Nyuma ya wangu iko ya kata tatu nzima, ambayo huenda nayo yule mama aliiandikia kwa huruma ile ile. Basi nimeamua nitakachofanya. Kuanzia kesho, mbele ya mizani ya Taifa, nitaanza kukosea. Nitakosea mkoba baada ya mkoba, laki sita, nikisoma kwa sauti uzito ulioandikwa daftarini bila kuuangalia mshale. Sijui nitafika mkoba wa ngapi kabla mtu mwingine hajauangalia. Nimevaa viatu vyangu vya zamani, ili vizuri vibaki.

Niliposimama kuaga, Mwatumu alikuwa amekwangua kipande cha mche wa mwisho, kimebaki cha ukubwa wa kidole. Dirisha lilikuwa wazi kwa sababu ya joto. Zamda alikuwa amekaa mkekani. Aliniangalia viatu, akaniangalia uso, na baada ya miezi miwili bila neno akasema, kwa sauti kubwa ya mtoto aliyepona, "Babu, nina njaa."

Moyo wangu ulisimama kwa hofu na kwa furaha, na sikuweza kuzitenganisha. Nilimfikia nikamziba mdomo kwa kiganja, kisha nikakiondoa na kutia kile kipande cha mwisho. Akaanza kutafuna. Kinatoa sauti, kile chakula, ni kigumu. Kilumanga alikuwa ameshusha kioo cha gari hatua tano kutoka dirishani kwetu, na alikuwa amesikia yote, neno na meno. Tuliangaliana. Nikangoja afungue mlango.

Hakuufungua. Aliondoa leso shavuni, akamtazama Zamda akitafuna, akamtazama muda mrefu, na nikamwona akimeza mate. Gari lingali linangoja; nimeketi tena niweke yale maneno mawili ya sheria.

Sote tumeshiba.